Nyumba Arobaini na Moja

Kompyuta ililia kama mbuzi aliyebanwa mkia mlangoni, na Mama Kufuli, ambaye kazi yake ilikuwa kuitwa pale milango inapobana mikia ya watu wengine, akaruka kitini na tupa ya kuchongea funguo mkononi, kana kwamba king'ora kile kingeweza kupigwa tupa kikanyamaza.

Kioo kizima kilikuwa chekundu. Katikati lilichorwa kufuli jeusi, kubwa kama sahani, na chini yake maneno yaliwaka na kuzimika: KOMPYUTA YAKO IMEFUNGWA KWA USALAMA WAKO. USIZIME. USIGUSE CHOCHOTE. PIGA SIMU SASA. Kisha nambari. Alibonyeza kile kialama cha msalaba pembeni, ambacho wifi yake alimfundisha kuwa ndicho kifungacho ukurasa. Ukatokea ukurasa wa pili juu ya wa kwanza. Alibonyeza tena, ukaja wa tatu, ukaja wa nne, kama nzi: ukimuua mmoja, wanakuja saba kumzika.

"Haya," alisema kwa sauti, ingawa karakanani hamkuwa na mtu. Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba atapigiwa na filimbi juu.

Mtaa mzima ulimwita Mama Kufuli. Hakuzaa mtoto wa jina hilo. Wifi yake alipenda kusema kwamba angemzaa, angekuwa wa kwanza katika ukoo ule kujua kufunga mdomo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na duka la vioo: jiliwa la kubania vyuma mezani, mashine ya kuchonga funguo, na ukuta uliojaa funguo ambazo hazijaota meno, zikining'inia kama vitoto vya popo. Nje, juu ya mlango, palikuwa na kibao alichokiandika marehemu baba yake, na ambacho yeye alikipaka rangi upya kila mwaka, herufi kwa herufi: UMEFUNGIWA NJE? USIVUNJE. PIGA SIMU.

Mtu mwingine angechomoa waya, au angempigia kelele kinyozi aje aone. Mama Kufuli alikuwa fundi, na ufundi ndio uliomponza. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewagombeza watu jambo moja tu: kitasa kikigoma, ondoa mkono wako. Alishakuta vitasa vilivyochokonolewa kwa visu vya mkate, kwa pini za nywele, na kimoja kwa mswaki. Vitasa ambavyo vingefunguka kwa dakika mbili vikawa maiti kwa sababu wenye nyumba walishindwa kutulia. Kwa hiyo alipoambiwa asiguse, apige simu, hakuona tishio. Aliona adabu ya kazi.

Na kulikuwa na aibu pia, aibu ndogo, ile inayojificha nyuma ya sikio. Asubuhi ile mteja alimletea kitasa cha ng'ambo cha aina asiyoijua. Alikigeuza mara mbili, akasema kwa majivuno, "Njoo saa nane, hiki ni kitu kidogo," na mteja alipopinda kona tu, akaikimbilia kompyuta kutafuta picha ya matumbo ya kitu hicho kidogo. Ndipo alipobonyeza ukurasa uliompeleka huku. Angemwita wifi yake, ingebidi aeleze alikuwa akitafuta nini.

Akapiga simu.

"Habari za asubuhi, mama," ilisema sauti ya kijana, laini, isiyo na haraka. "Umefungiwa?"

"Nimefungiwa, mwanangu. Linapiga kelele dude hili!"

"Tulia. Usizime, usiguse chochote. Niko nawe mpaka mwisho."

Mama Kufuli akahisi mabega yake yakishuka. Maneno hayo aliyajua, yalikuwa yake. Ni yeye aliyewaambia hivyo watu waliosimama nje ya milango yao na taulo kiunoni na povu la sabuni masikioni. Tulia. Usiguse. Niko nawe. Hakuwahi kuwaza kwamba maneno hayo yanaweza kutamkwa na mtu asiye na nia ya kufungua.

"Na wewe ni fundi kabisa?" aliuliza.

"Kabisa, mama."

"Mimi pia ni fundi. Wa vitasa."

Upande wa pili ulisikika kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Basi tutaelewana," ilisema sauti.

Wakaelewana. Alimwelekeza abonyeze hapa, aandike pale, aingize programu fulani, kisha amsomee tarakimu tisa zilizotokea. Mama Kufuli akazisoma moja moja, kwa sauti ya mwanafunzi anayetaka kusifiwa. King'ora kikakatika. Wekundu ukatoweka. Na ule mshale mdogo kwenye kioo ukaanza kutembea peke yake, bila mtu kugusa kipanya.

Alivutiwa, na hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote. Aliegemea, akakunja mikono, akautazama mshale ule ukiingia na kutoka, ukifungua na kufunga, akasema moyoni: mkono mwepesi huu.

"Hili faili lililoandikwa FUNGUO ZOTE ni la nini, mama?"

"Ah, hilo ni daftari langu la kazi. Halina ugonjwa hilo."

"Ngoja nilikague. Virusi hupenda kujificha kwenye orodha."

Faili likafunguka, na nyumba za watu zikaanza kupita machoni pake.

Daftari lenyewe, lile la karatasi, lilikuwa la baba yake. Mzee yule aliandika kila ufunguo aliowahi kuuchonga: kina cha jino la kwanza, la pili, mpaka la tano, ili mteja akipoteza, achongewe mwingine bila kuvunja mlango. Lakini majina ya wateja hakuandika. Aliandika alichokijua yeye: Mzee Asiyecheka. Mbwa Mvivu. Mama wa Mapacha. Ngazi Mbovu. Daftari lile lingeokotwa na jambazi, angedhani ni mashairi. Mwaka jana wifi yake, karani wa shule ya msingi, alijitolea kulichapa lote kwenye kompyuta wakati wa likizo, mchwa wasije wakalisoma kabla ya wajukuu. Alichapa kama alivyokuta, akicheka kila ukurasa.

Mshale ulikuwa umepunguza mwendo. Ulishuka mstari mmoja, ukasimama. Ukashuka mwingine, ukasimama.

Hapo ndipo Mama Kufuli alipokunjua mikono. Maana kulikuwa na kanuni nyingine ya baba yake, aliyofundishwa kabla hata ya kushika tupa: fundi hutazama mlango, hatazami chumba. Ukishafungua, geuza uso. Hujui kitanda kiko upande gani, hujui nani kalala. Katika miaka yake yote asingeweza kukuambia rangi ya mapazia ya nyumba hata moja. Na huyu, huyu mwenye mkono mwepesi, kufuli lilishafunguka, kelele ilishanyamaza, na bado alikuwa amesimama katikati ya chumba akitazama.

"Umeshafungua," alisema polepole. "Unatazama nini?"

"Nakagua tu, mama. Tulia."

"Nimekuuliza unatazama nini!"

Hakungoja jibu. Aliinama chini ya meza, akashika waya kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa muhogo, akang'oa. Soketi ikatoka na kipande cha ukuta.

* * *

Wifi yake alimkuta saa saba amekaa sakafuni, mgongo kwenye meza, waya mapajani.

"Wifi, umeua nyoka?"

"Nyamaza."

"Makubwa! Umeng'oa na ukuta. Nyumba ya watu hii, ujue."

Mama Kufuli akamsimulia, kwa sentensi fupi zilizotoka kama misumari. Wifi akasikiliza, na kila alipoendelea, utani ukawa unamtoka usoni. Alichomoa kwanza kile kidude cha intaneti, akachomeka waya kwenye soketi ya pili, akawasha. Kompyuta ikaamka kama mtoto aliyelala vizuri. Hapakuwa na kufuli wala kelele.

"Mbona imefunguka?" Mama Kufuli aliuliza.

"Haikufungwa."

"Nimeliona kufuli kwa macho yangu!"

"Umeona picha ya kufuli. Ulikuwa ukurasa tu, wifi, kama kalenda ukutani, ila wenye kelele na uliotandazwa kioo kizima. Kivinjari kilizidiwa na kurasa, basi. Hata kule shuleni ulishatokea. Unashikilia vitufe viwili, kivinjari kinajifunga, unaendelea na chai yako."

"Hapakuwa na kufuli."

"Hapakuwa na kufuli."

Hasira ikampanda kutoka miguuni. Alishadanganywa maishani: na fundi mwenzake aliyemwibia mashine ya kwanza, na mchumba aliyemwambia anakwenda kununua kiberiti. Hizo zilikuwa hasira za kawaida, unazila unazimeza. Hii haikumezeka. Yeye, ambaye angeweza kusikia jino lililolika kwa kuutikisa ufunguo tu sikioni, amesimama mbele ya mlango ulio wazi, akatishwa na kufuli la kuchorwa, na kwa hofu ya mlango uliokuwa wazi akaenda kufungua ule uliokuwa umefungwa.

"Ni wewe!" alisema, akimgeukia wifi yake. "Wewe na mikono yako ya ukarani! Daftari lilikuwa limetulia kabatini na mchwa wake. Nani alikutuma?"

"Usinirukie kichwani, wifi. Mimi nilichapa 'Mbwa Mvivu'. Nilichapa 'Ngazi Mbovu'." Wifi aligeuza kioo kumwelekea, akaweka kidole. "Nani ameongeza safu hii?"

Ilikuwa safu ya mwisho kulia. Jina la mtaa. Nambari ya nyumba. Nambari ya simu.

Mkono ulikuwa wa Mama Kufuli. Jumapili baada ya Jumapili alikuwa ameketi hapo, kidole kimoja kimoja, akiijaza safu ile, akiona fahari jinsi kazi ya baba yake inavyopendeza ikinyooshwa. Nyumba mia mbili na kumi na nane. Alikuwa amefika ya arobaini na moja. Kila meno matano sasa yalikuwa na mlango wake.

"Amelichukua?" aliuliza hatimaye.

"Sijui. Kunakili faili ni kufumba na kufumbua. Labda alilichukua, labda alikuwa anatafuta mambo ya benki akaona mashairi ya baba yako akachoka." Wifi alivuta kiti. "Nikwambie kitu? Mtu huyo yuko mbali. Mwizi wa simu hapandi ngazi. Na mbali ya mimi na wewe, nani anajua?"

"Mimi najua."

"Basi jifunge mdomo kwa kufuli lako mwenyewe. Ukitangaza jambo hili, kibao kile nje utakipaka rangi ili nani akisome? Nani atampa ufunguo wake fundi aliyegawa funguo?"

Swali lile lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilichoma. Mama Kufuli alichukua simu yake, akatafuta nambari ya asubuhi, akapiga.

"Habari za mchana. Umefungiwa?" Ilikuwa sauti ileile, na ule upole wake haukuwa umepungua hata chembe.

"Mimi ndiye wa asubuhi! Fundi wa vitasa! Mshenzi wewe, mwana wa mbu! Hata mbu huimba kabla ya kuuma!"

"Nami niliimba, mama," ilisema sauti. "King'ora hukukisikia?"

Wifi, aliyekuwa ameinamisha sikio, alitoa mguno. Kama ni wa hasira au wa kicheko kilichoponyoka, hakuna aliyeuliza.

"Umechukua nini kwenye daftari langu? Sema! Umechukua nini?"

"Mama, tulia. Mimi sijavunja kitu chako hata kimoja. Nilibisha hodi, ukanifungulia."

Simu ikakatwa. Alipiga tena, haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya tano aliitupa simu ndani ya sanduku la vitasa vibovu, ikalia pale juu ya chuma kama sarafu ya bandia, naye akaishika ile tupa na kuanza kuchonga ufunguo wa shaba uliokuwa kwenye jiliwa, bila kipimo wala sababu, mpaka meno yakaisha, mpaka ikabaki shaba bapa, mpaka wifi yake akamshika mkono.

"Inatosha. Umeshaua ufunguo wa watu."

Alisimama akihema. Vumbi la shaba lilikuwa limemjaa vidoleni, likimetameta kwa urembo usiohitajika.

"Vitabadilishwa," alisema.

"Vipi?"

"Vitasa. Vyote arobaini na moja. Silinda mpya za kuingilia ufunguo, meno mapya. Rafuni ninazo kumi na tatu. Leo nitaanza na hizo."

Wifi alimtazama kama karani anayetazama barua ambayo hawezi kuikataa. Kisha akatoa simu yake mwenyewe. "Haya. Ngoja basi niwapigie, wajiandae. Huwezi kuwavamia watu." Akachagua mstari, akasafisha koo, akavaa ile sauti anayowapigia nayo wazazi wa watoto watoro. "Shikamoo, mama. Samahani kwa usumbufu. Napiga kuhusu usalama wa kitasa cha mlango wako. Tumegundua kwamba—"

Sauti ya Mama wa Mapacha ilisikika mpaka kwa kinyozi. "Nyie ndio wale! Nyie ndio mnaopigia watu kuwatisha! Kitasa changu hakina tatizo, tatizo ni nyie! Mlaaniwe!" Kisha simu ikakatwa.

Wifi akabaki ameshika simu hewani. Mdomo ukaanza kumtetemeka, kisha mabega, kisha akalipuka, akacheka mpaka akashika meza, machozi yakimtoka. "Wifi! Nimelaaniwa kwa niaba yako!"

Mama Kufuli hakucheka. "Ana haki," alisema.

"Basi piga wewe. Sauti yako anaijua."

"Sipigi. Nikipiga akaniamini, nitakuwa nimemfundisha kuiamini simu." Alikuwa tayari anapanga silinda sandukuni, moja moja, zikigongana. "Nitakwenda kwa miguu. Wanione uso."

"Utawaambia nini?"

"Nilichokifanya."

"Chote? Hata lile kufuli la kuchorwa?"

Akafunga sanduku kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Hata hilo."

Alipotoka nje alijikuta amesimama chini ya kibao. Alikuwa amekipita maelfu ya mara bila kukisoma, kama mtu asivyosoma jina lake. Sasa alikisoma. Umefungiwa nje? Usivunje. Piga simu. Aliyasikia kwa sauti ya kijana yule, laini, isiyo na haraka, na kwa mara ya kwanza hakujua maneno hayo yalikuwa ya nani kwanza.

* * *

Nyumba ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya Mzee Asiyecheka, fundi saa mstaafu, ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Baba yake ndiye aliyemchongea ufunguo wa kwanza. Yeye alimchongea wa pili na wa tatu.

Njia nzima alikuwa akichemka. Alikuwa ametunga hotuba, na katika hotuba hiyo kijana wa simu alichinjwa mara kadhaa kwa namna tofauti. Kwenye ngazi alimwongezea matusi mapya. Lakini kila alipopanda kidato, kijana yule alizidi kufifia, na alipofika mbele ya mlango wa kijani hakukuwa na mtu wa kumchinja. Kulikuwa na mlango, na yeye, na sanduku lililokuwa likimkata vidole.

Alifungua kinywa aseme hodi, akakumbuka kijana yule naye alisema alibisha hodi, akakifunga. Akagonga tu. Mara mbili, kwa kifundo cha kidole.

Ndani, kiti kilisogea. Nyayo zikaja, za mtu asiyeona sababu ya kukimbia. Kisha akausikia ufunguo ukiingia, na akaujua, jino kwa jino, kama mtu anavyokijua kikohozi cha ndugu yake. Tatu, tano, mbili, nne, moja. Ukazunguka mara ya kwanza. Ukazunguka mara ya pili.

Mlango ukawa wazi, wote, mpaka ukutani. Nyuma ya Mzee palionekana chumba chake, na Mama Kufuli, kwa mazoea, akageuza uso.

Kisha ile hasira, iliyokuwa imemwacha kwenye ngazi, ikarudi yote kwa mkupuo na kumwangukia asiyestahili.

"Mzee, mbona unafungua ovyo?" alisema, na sauti yake ilipasuka katikati. "Mbona hukuuliza ni nani?"

Mzee Asiyecheka alimtazama usoni. Akatazama sanduku, akatazama vidole vyenye vumbi la shaba, akarudi usoni. Mkono wake ulikuwa bado umeshika ufunguo kitasani.

"Ningeuliza," alisema, "ungenijibu nini?"

Mama Kufuli akaliweka sanduku chini, aanze na lile kufuli la kuchorwa.